Kifaa cha Nchi za Baridi

Mimi ni muuza maharage. Jina langu ni Dufie. Kila siku kabla jua halijachomoza nabandika sufuria kubwa jikoni. Maharage yakiiva natia mafuta ya mawese, nakaanga ndizi mbivu, na watu wanaanza kuja na mabakuli yao. Kijiji chetu kiko chini ya mlima wa Mampong, kwenye barabara inayotoka mji mkubwa wa Kumasi. Soko liko juu ya mlima. Hospitali nayo iko juu.

Mume wangu Twumasi ni dereva wa teksi. Gari lake ni la Kijerumani, kuukuu, na lilipokuja kwetu lilikuwa limekwisha kuchoka huko lilikotoka. Hata hivyo lilitulisha. Likijaa abiria linapanda mlima, linashusha, linapakia wengine, linarudi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na hatukuwa tunalalamika.

Tuliishi na mama yangu mkubwa, Pokuaa, dada wa marehemu mama. Yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa na ulimi mkali na mgongo uliopinda. Kila alfajiri alifagia uwanja wote, tangu mlangoni hadi chini ya gari la Twumasi. Hakuna aliyemtuma. Alisema uwanja mchafu humfukuza mgeni kabla hajabisha hodi.

Mwaka ule gari lilianza kuchemsha. Likifika katikati ya mlima, mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka kwenye boneti, abiria wanashuka wakisonya. Twumasi alimwita fundi wa kijijini, Antwi. Antwi alifungua hapa na pale, kisha akachomoa kitu kidogo cha chuma chenye springi.

"Adui yako huyu hapa," alisema. "Hii inaitwa thamostati. Ni kifaa cha nchi za baridi. Wazungu wanakiweka ili injini ipate moto wakati wa barafu. Sasa wewe hapa barafu yako iko wapi?"

"Labda kwenye friji ya jirani," alisema Twumasi.

"Basi tukitupe?"

"Kitupe. Na ukimkuta mzungu njiani mrudishie."

Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wengine, nikiwa nimeshika tumbo langu, maana nilikuwa na mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka sita. Nalikumbuka sana cheko lile.

Gari lilienda vizuri wiki mbili. Kisha likaanza tena kuchemsha. Twumasi hakurudi kwa fundi. Alijaza dumu la maji ya kisima akaliweka nyuma ya kiti. Kila safari anaongeza maji. Mafundi wengi, madereva wengi, wote wanafanya hivyo kwetu. Gari likisikia kiu, lipe maji.

Jioni moja, mimba ikiwa ya miezi tisa, mama mkubwa alimsimamisha Twumasi uwanjani.

"Gari lako linatoa maji mekundu," alimwambia. "Siku tatu nayafagia."

"Ni kutu tu, mama."

"Kutu inatoka wapi kama chuma hakiliwi?"

"Mama, wewe fagia, mimi niendeshe. Kila mtu na kazi yake."

"Haya, baba. Lakini gari hili halitafika juu."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, yaani kwa nguvu. Majirani walikuwa wanatwanga fufu ya mihogo na ndizi. Walisikia.

Uchungu ulinishika kesho yake mchana. Twumasi alinilaza kiti cha nyuma, tukaondoka. Katikati ya mlima nilisikia harufu ya maji yaliyoungua. Mshale ulikuwa umegota juu kabisa. Twumasi alijua, lakini aliendelea kukanyaga mafuta. Alisema, "Vumilia, tumebakiza kona tatu." Kona ya kwanza hatukuimaliza.

Alishuka akakimbilia kufungua mfuniko wa rejeta. Maji ya moto yalimrukia, yakamchoma mkono hadi kwenye kiwiko. Hakusimama. Alichukua dumu, akamimina maji baridi humo humo. Nikasikia kitu kimelia ndani ya injini, ta. Baada ya hapo gari halikuwaka tena.

Tulikaa pale muda mrefu. Mwishowe lori la viazi vikuu likatuchukua. Mwanangu alizaliwa hospitalini jioni ile. Alikuwa wa kiume. Alizaliwa kimya, na kimya kile hakikuisha. Muuguzi alisema, "Kama mngefika mapema kidogo," kisha akaacha, akanifunika shuka.

Kwetu mtoto wa namna hiyo hafanyiwi matanga. Anazikwa haraka na watu wachache. Mama anaambiwa asilie, asije akakifukuza kizazi. Kwa hiyo mimi sikulia. Maziwa yalijaa kifuani, nikayakamua chini kwenye majani ya ndizi nyuma ya jiko.

Baada ya siku nane mjomba wangu Fosu, mkubwa wa ukoo wetu, aliita kikao uwanjani. Lazima niseme jambo moja hapa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wanaamini kwamba mchawi hamli mtoto wa ukoo mwingine. Kwa hiyo mtoto wangu akifa, macho hayaendi mbali. Yanazunguka humo humo ndani ya nyumba.

"Nani alisema gari halitafika?" aliuliza mjomba.

"Mimi," alisema mama mkubwa.

"Ulijuaje?"

"Niliona maji mekundu."

"Sote tuna macho. Mbona uliyaona wewe peke yako?"

"Kwa sababu nafagia mimi peke yangu."

Watu walinong'ona. Jirani mmoja alisema maji mekundu si maji, ni damu. Mjomba alikohoa, akasema kwa sauti kubwa ili hata barabarani wasikie, "Pokuaa, ukoo hauwezi kulala na wewe nyumba moja."

Mama mkubwa aligeuka. Alinitazama mimi. Nilijua anangoja nini. Aliyenivisha, aliyenipeleka shule, aliyenifundisha kupika haya maharage alikuwa anangoja neno langu moja. Nikatazama miguu yangu. Ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeanza kuamini, kwa sababu ukifiwa unatafuta mahali pa kutua mzigo.

Aliondoka asubuhi na furushi lake. Alikwenda mbele ya Mampong, kwenye shamba la rafiki yake, akakaa kwenye kibanda cha kulindia mahindi.

Gari lilibaki uwanjani. Mchungaji alilipaka mafuta ya upako mara mbili, kwenye boneti na kwenye matairi. Halikuwaka. Mwishowe Twumasi alisema, "Tulipeleke Suame." Suame ni pale Kumasi kwenye mafundi wengi kuliko nyumba. Likavutwa kwa kamba na lori. Nami nilipanda. Nyumba ilikuwa imenishinda.

Walituelekeza kwa Bi Yeboaa, fundi wa rejeta. Alikuwa mwanamke mnene, na ovaroli yake ilikuwa nyeusi kwa oili. Hakufungua chochote kwanza. Alivuta kigoda akakaa.

"Nieleze tangu mwanzo," alimwambia Twumasi. "Usinifiche, gari litanieleza lenyewe."

Twumasi alieleza. Bi Yeboaa alichomoa kijiti cha oili, akakitazama. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," alisema. "Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepasuka. Ulimimina maji baridi kwenye injini ya moto, siyo?"

"Ndiyo."

"Ukitoa sufuria motoni ukaitia maji baridi ghafla, inakuwaje?" Safari hii aliniuliza mimi.

"Ya udongo inapasuka," nilijibu.

"Na chuma ni hivyo hivyo. Kinachelewa tu kulia."

Kisha akafungua rejeta. Upande mmoja aliubandua wote ili tuone ndani. Vijibomba vya rejeta ni vyembamba kama majani ya vitunguu, na nusu yake vilikuwa vimezibwa na tope jekundu. Alikwangua kidogo kwa msumari, akalipaka kwenye kiganja cha Twumasi.

"Maji gani ulikuwa unatia?"

"Ya kisima."

"Maji ya kisima yana chumvi na udongo. Yanaleta kutu. Kutu inaziba humu, kisha inatoboa hapa." Alionyesha mshono wa chini, umeliwa kama biskuti. "Ndiyo maana lilianza kuchemsha. Ugonjwa ulikuwa hapa. Unatakiwa kutia kulanti, ile dawa ya rejeta ya rangi, iliyochanganywa na maji safi. Inazuia kutu, na maji hayachemki upesi. Sasa, thamostati iko wapi?"

Twumasi alijifuta tope kiganjani. "Tuliitoa. Ni kifaa cha nchi za baridi."

Bi Yeboaa hakucheka. Nilitamani acheke.

"Mama, una moto hapo?" alimwuliza jirani yake. Yule alikuwa na jiko la mkaa. Bi Yeboaa alichukua sufuria ya maji, akafunga thamostati mpya kwa uzi, akaitumbukiza. Tulisimama tukitazama. Mimi nayajua maji ya moto, ndiyo kazi yangu. Yalianza kutoa vijipovu pembeni. Yalipokaribia kuchemka, kile kichuma kikafumbua mdomo polepole, peke yake. Bi Yeboaa akakitoa. Kikafumba.

"Huu ni mlango," alisema. "Maji ya injini yana njia mbili. Njia fupi inazunguka ndani kwa ndani. Njia ndefu inapita kwenye rejeta, maji yanapoa, yanarudi. Injini ikipata moto, hiki kinafungua njia ndefu. Na hiki kisahani cha nyuma, unakiona? Kinaziba njia fupi. Katika gari kama lako, ukikitoa, njia fupi inabaki wazi siku zote. Maji mengi yanapita hiyo ya mkato na moto wake. Tambarare utajikokota. Mlimani, na mzigo, utachemsha."

"Lakini mwanzoni lilipona," alisema Twumasi.

"Liliwahi kupanda mlima limejaa, wiki zile mbili?"

Twumasi alifikiri. "Hapana. Barabara ya mlima ilikuwa inatengenezwa. Nilikuwa nabeba watu wa huku chini."

"Basi halikupona. Fundi wako alikuta mtu anaumwa tumbo, akamkata kidole."

Alizungusha feni kwa mkono, akavuta mkanda wa pampu ya maji, akaminya mipira ya maji mmoja mmoja. Vyote vilikuwa vizima. Kisha akasema neno ambalo hakujua uzito wake.

"Mimi kinachonishangaza ni hiki. Rejeta iliyooza hivi huvuja siku nyingi. Lazima chini ya gari palikuwa na maji mekundu. Hakuna hata mtu mmoja nyumbani aliyeyaona?"

Mimi nilikaa chini, pale pale penye oili. Twumasi aligeuka akashika nguzo ya kibanda.

"Aliyaona mtu," nilisema.

"Akanyamaza?"

"Hakunyamaza. Alisema gari halitafika juu."

"Ah," alisema Bi Yeboaa. "Huyo angefaa kuwa fundi. Yuko wapi?"

Twumasi alikuwa analia, na mimi, ambaye nilikatazwa kulia, nililia mbele ya mafundi wote wa mtaa ule. Walidhani tunalilia gari. Kijana mmoja alituambia, "Msijali, hedi zinapatikana."

Tulikaa Kumasi hadi kazi ilipokwisha. Hedi nyingine ilifungwa na gasketi mpya. Rejeta ilisafishwa, mshono uliooza ukakatwa na kuungwa upya. Thamostati ikarudi mahali pake. Siku ya kuondoka Bi Yeboaa alimshika Twumasi bega.

"Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama maji na oili. Tazama na chini ya gari. Mshale ukipanda njiani, zima kipoza hewa, fungua hita kwa nguvu zote. Utatoka jasho, lakini inapunguza moto wa injini. Mshale usiposhuka, simama pembeni na uzime. Usiguse mfuniko mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuungua. Hata nusu saa, ngoja."

"Na kama nina mgonjwa ndani?" aliuliza Twumasi.

Bi Yeboaa alimtazama, nadhani akaelewa kitu. "Basi zima, umsimamishie gari la mtu mwingine mara moja," alisema kwa upole. "Na ukikuta maji yamepungua, usiongeze tu. Uliza yamekwenda wapi."

Njiani Twumasi alizungumza mara moja tu. "Ningependa angekuwa mchawi," alisema. "Mungu anisamehe. Ningependa." Nilimwelewa. Kama ni mama mkubwa aliyemuua mtoto, basi si Twumasi aliyesema kitupe, wala si mimi niliyecheka.

Tulikwenda moja kwa moja kwa mjomba Fosu. Twumasi aliweka mezani kipande cha mshono wa rejeta kilichooza. Akaeleza yote.

Mjomba alikigeuza kipande kwa kidole. "Injini ni injini," alisema. "Lakini nani aliyeitia kutu?"

"Mimi," alisema Twumasi. "Kwa dumu la kisima."

"Na mimi nilinyamaza kikaoni," nilisema. "Mjomba, ulimfukuza mbele ya watu. Ita watu."

"Unanipa amri, Dufie?"

"Nakuomba. Ukikataa, nitasimama mimi uwanjani niseme, tena nitasema nani aliita kikao."

Alikaa siku mbili bila kuitikia salamu yangu. Siku ya tatu aliita watu. Alisimama akasema kwamba ukoo ulikosea, kwamba gari lilikuwa na ubovu, na kwamba Pokuaa hana hatia. Hakusema "nilikosea." Alisema "ukoo." Fundi Antwi alikuwepo. Alisikia habari ya thamostati, akainama. Tangu siku hiyo hakutoa tena ya mtu, na mbili alizokuwa amezitupa kwenye kopo la vyuma vibovu alizipima kwa maji ya moto kama Twumasi alivyomwonyesha.

Kesho yake tulipanda mlima. Nilikuwa nimebeba mayai kwenye kikapu, maana kwetu huwezi kuomba radhi ya namna ile mikono mitupu. Mshale ulifika katikati ukatulia. Tulipita ile kona. Tulipita na zile nyingine mbili. Njia ile niliiona fupi sana.

Mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda akipukuchua mahindi. Alikuwa amekonda. Twumasi alipiga magoti kwenye vumbi.

"Fosu amesema?" aliuliza mama mkubwa.

"Amesema, mama. Mbele ya watu."

"Kwa sauti ile ile aliyonifukuzia?"

Twumasi hakuweza kusema uongo. "Kwa sauti ndogo, mama."

"Najua. Maneno ya namna hiyo huwa hayana sauti." Akaendelea kupukuchua. "Na gari limetengenezwa?"

"Limetengenezwa. Ulisema kweli. Laiti ningekusikiliza."

"Laiti," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yalipotea. "Mimi niliamini, mama," nilisema. "Kidogo, lakini niliamini."

Nilidhani ataniambia nirudi na mayai yangu. Aliweka gunzi chini, akaingia ndani, akatoka na furushi. Lilikuwa limefungwa tayari. Sijui alilifunga siku ile, au halikufunguliwa tangu aje.

Alikaa kiti cha mbele. Tulianza kushuka mlima. Kabla ya kufika katikati akauliza, "Ilikuwa wapi?"

Twumasi alionyesha. Mama mkubwa akasema asimame. Alishuka taratibu, akashika jiwe la pembeni, akatazama barabara juu na chini. Magari yalikuwa yanapita. Halafu akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kulia kwa sauti, kilio chetu kile cha msibani chenye kumwita maiti. Mtoto hakuwa na jina, kwa hiyo alimwita mjukuu. Mjukuu wangu. Mjukuu wangu. Hakuna aliyekuwa amemlilia mwanangu hivyo.

Nilimshika mkono nikamwambia tutachelewa.

"Dufie," alisema, "siku nane nilikaa kwenye nyumba ile. Watu waliingia na kutoka. Wewe walikupa pole kwa siri. Twumasi walimpa. Na mimi nilikuwa nimefiwa. Hakuna aliyenipa pole hata mmoja."

Nilipiga magoti pale barabarani, nikamshika miguu.

"Pole, mama," nilimwambia.

Twumasi naye akashuka, akaja akampa pole.